Bendera ya Shimo la Kumi na Nane

Usiku wa kuamkia leo niliota nimealikwa kucheza gofu. Sijawahi kushika fimbo ya gofu maishani mwangu. Nilikuwa nimevaa viatu vyeupe ambavyo si vyangu, na nilikuwa na hakika kwamba nitawashinda wote.

Uwanja ulikuwa juu ya mwamba, na bahari chini yake ilikuwa ya buluu mpaka inaudhi. Nyasi zilikuwa zikinyweshwa maji mchana kutwa, ilhali bomba la kwetu hukohoa tu. Niliutazama uzuri ule, nikauchukia, kisha nikaupenda, kisha nikajichukia mwenyewe.

Mwandikishaji alikuwa kaa mkubwa aliyevaa tai shingoni. Kaa hana shingo. Sikuuliza.

"Jina?"

"Nguma wa Charo."

"Nguma mwingine ametangulia. Yuko shimo la kumi na nane, la mwisho."

Nguma mwingine ni babu yangu mzaa baba, ambaye nimepewa jina lake. Alipokufa alichongewa kigango, nguzo ya mti wa mhuhu yenye kichwa cha mviringo, kikasimikwa nyumbani ili asione baridi huko aliko. Miaka kumi na tisa iliyopita wezi walikuja wakaking'oa. Tangu hapo babu humjia mama ndotoni akilalamika baridi, nami nimeapa mbele ya ukoo mzima kwamba nitamrudisha.

"Niandike, nianze," nikasema.

"Kuna kanuni. Kisichopatikana kwa dakika tatu kimepotea."

"Sisi tumetafuta miaka kumi na tisa."

"Basi mmepitisha muda," akasema, akaandika.

Naweka mpira juu ya kijiti chake. Kaa anapaza sauti: "Kimya! Mchezaji anapiga!" Bahari inanyamaza. Mawimbi yanasimama wima, na samaki mmoja anabaki hewani, anasubiri.

"Umewahi kufanya hivi?" mpira unaniuliza.

"Mimi hufaulu mara ya kwanza."

"Mungu wangu," unasema mpira, na kufumba macho.

Napiga. Mpira unaruka juu ya maji yaliyosimama na kuangukia jikoni kwetu, kwenye majivu, katikati ya mafiga. Mama anasonga sima. Hashangai.

"Mama, sogeza sufuria nipige."

"Sisogezi. Si wanasema mpira unapigwa pale ulipolala? Piga, sima inapoa."

"Babu yuko shimo la mwisho. Leo namleta."

Mwiko unasimama. "Nguma, nisikilize. Kigango kikishasimikwa hakisogezwi, hata kama aliyekisimika ni mwizi. Ukimwona, mmwagie tembo la mnazi kidogo, mfunge kitambaa, uje utuambie aliko. Wazee watajua la kufanya. Usimguse."

"Wazee wana miaka kumi na tisa wanajua la kufanya."

"Kichwa kigumu! Kama yeye tu."

Napiga kwa hasira. Ukuta wa jikoni unafunguka, na ng'ambo yake ndiko liliko shimo la mwisho, ukingoni kabisa mwa mwamba. Bendera yake ni babu, kigango chake chenyewe. Wamempaka rangi nyeupe na kumwandika kumi na nane kwenye paji la uso.

"Wajina," anasema. "Umechelewa. Upepo wa hapa hauna huruma."

"Nimekuja kukuchukua, babu."

"Hapana. Nimeshasimikwa. Keti nami tu kidogo. Nani ameoa huko? Mama yako bado anaunguza sima?"

Nyuma yangu wageni wanne wamekunja mikono, wanangoja zamu yao. Kaa amefika, anatembea upande upande. "Mpira ukiingia, wewe unaondoka," anasema. "Bendera yaweza kutolewa, lakini lazima irudishwe."

Mpira uko hatua moja tu kutoka shimoni. "Usinipige," unanong'ona. "Zungumza na mzee. Mimi sina haraka."

"Sikuja kuzungumza," nasema.

Namkumbatia babu kwa mikono miwili na kumng'oa. Anatoka kama jino.

"Nang'olewa mara ya pili, Nguma!" anapiga ukelele. "Na wale wa kwanza walikuwa wageni!"

Nakimbia naye begani mpaka kwenye vigingi vyeupe vya mpaka. Ninapovuka kigingi, niko tena mbele ya meza ya kaa. Begani hamna kitu.

"Umetoka nje ya mpaka," kaa anasema. "Unaanza upya. Jina?"

"Babu yangu yuko wapi?"

Kaa anatazama saa. Natafuta kwenye nyasi. Natafuta chini ya meza na ndani ya viatu visivyo vyangu. Naita, na kwa kuwa bahari bado imenyamaza, sauti inayonijibu ni yangu mwenyewe, na jina ninaloliita ni langu.

"Dakika tatu," anasema kaa. Anafuta jina la Nguma. Halafu anafuta na la pili, kwa kuwa limeandikwa sawasawa na la kwanza.

Nilipoamka, jua lilikuwa limeshaingia ndani. Uani mama alikuwa akichekecha unga huku akiimba. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu nikiwa mdogo.

"Nguma! Umeamka? Usiku huu babu yako hakunijia. Kimya kabisa! Labda hatimaye amepata joto."

Kiganja kilikuwa kinaniuma. Nilikitazama. Kibanzi cha mti kilikuwa kimezama chini ya ngozi, kinanukia mhuhu, na upande mmoja kilikuwa na rangi nyeupe.

Nilifumba mkono.

"Labda, mama," nikasema.