Kipande cha Sita

Tangu asubuhi Digrii alikuwa ameshainuka kwenye kigoda chake mara nne, na mara zote nne hakuwa na pa kwenda. Alifika mlangoni mwa stoo, akatazama safu za vyerehani, akamtafuta kwa macho mama mmoja aliyekaa dirishani, kisha akarudi kukaa. Alihesabu zipu, zikawa mia mbili na tisa. Akazihesabu tena, zikawa mia mbili na kumi na nne. Akaachana nazo.

Jina la Digrii alipewa na mafundi siku aliyoingia kwenye karakana ile ya kushona sare za shule, na hakupewa kwa sifa. Alikuwa amesomea ukutubi miaka mitatu, kazi ya kupanga vitabu na kuwahudumia wasomaji. Baada ya hapo alizunguka na bahasha ya vyeti hadi soli za viatu zikalika, na mwisho akaangukia kwenye stoo ya vifungo, nyuzi na zipu. Digrii ya vifungo, walimwita, na wengine wakamwomba awape mhadhara kuhusu sindano. Hakukasirika. Alikuwa kijana mwenye moyo mwepesi kuamini mema, na aliamini kabisa kwamba siku moja ataifanya kazi aliyoisomea.

Wiki zake za mwanzo, wakati wa chai, aliwauliza jambo ambalo kwake lilikuwa la kawaida kama kujuliana hali: kila mmoja anasoma kitabu gani kwa sasa? Walicheka hadi chai ikawapalia. Mpiga pasi alisema yeye yumo katikati ya maelezo ya chupa ya dawa ya kikohozi, na asiambiwe yanaishaje. Mkata vitambaa, ambaye hata mkewe alimwita Mkasi, alisema anasoma utepe wa kupimia, kila siku kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mia na hamsini. Aliyekaa bila kucheka alikuwa Mama Vifungo peke yake, mtu mzima wa kazi ya mkono, aliyeshonea vifungo vya mashati dirishani.

"Na wewe unasoma nini, mwanangu?" aliuliza.

Digrii alikuwa anasoma riwaya nene aliyoiazima maktaba ya mji, habari ya dada wawili waliogombania nyumba ya marehemu baba yao, wakaishi ndani yake miaka kumi na mmoja bila kusemezana, kila mmoja na mlango wake. Akawaonjesha kidogo. Kesho yake wakamtaka awasomee sura ya kwanza. Wiki haijaisha, kitabu kilikuwa na foleni, na foleni ilikuwa na ugomvi.

Hapo ndipo Mkasi alipofanya alichofanya. Zamu yake ilipofika alikaa na kitabu siku mbili, akakirudisha kikiwa vipande sita. Alikuwa ameupasua mgongo kwa kisu chake cha kazi, sura kwa sura, tena kwa unadhifu mkubwa, na kila kipande amekivalisha jalada la karatasi ngumu ya kuchorea mitindo, na namba juu yake. Digrii alijibwaga juu ya gunia la vitambaa. Mkasi alimshangaa.

"Nimekikata tu," alisema. "Hapa ndani kitu gani hakikatwi? Hilo shati ulilovaa lilikuwa vipande kumi na vinne. Watu wasome, tukimaliza tunaunganisha."

Cha kumsumbua zaidi Digrii ni kwamba jambo lile lilifanikiwa. Kwa wiki saba vile vipande vilizunguka kutoka mfuko wa aproni moja hadi mwingine. Watu kumi na wanane, ambao wengi wao hawakuwa wamefungua kitabu tangu watoke shule, walikunywa chai wakibishana kuhusu dada mkubwa. Waliweka na sheria: ukimwambia aliye nyuma yako kilicho mbele yake, unaosha vikombe. Mpiga pasi aliviosha siku tano mfululizo.

Kipande cha sita, chenye mwisho wa hadithi, walikubaliana aanze nacho Mama Vifungo kwa heshima ya umri. Baadaye walijuta wote. Mama Vifungo alisoma kurasa mbili kwa siku, kidole chini ya mstari, midomo ikicheza. Digrii mwenyewe aliyekileta kitabu hakujua kinavyoisha, kwa sababu kilikatwa kabla hajafika huko.

Sasa siku ya Jumanne simu ilikuwa imelia. Maktaba ya mji ilikuwa inatafuta msaidizi wa mkutubi, na katika maombi yote waliyopokea wamemchagua yeye na wengine wawili kwa usaili, Alhamisi saa nane mchana. Digrii alishukuru, akakata simu, na furaha haikumaliza dakika moja. Kitabu kile kilikuwa kwa jina lake, na kilipaswa kuwa kimerudi siku ishirini zilizopita. Angewezaje kuomba kazi ya kutunza vitabu mbele ya watu wanaomdai kitabu? Vipande vitano vilipatikana kabla ya Jumatano jioni. Leo ilikuwa Alhamisi, na kile cha sita kilikuwa dirishani.

Kengele ya mchana ilipolia alikuwa ameshafika kwa Mama Vifungo.

"Mama, zimebaki ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Jana zilikuwa ishirini na moja."

"Si unaona ninavyokimbia."

Alimweleza kwa upole mambo ya usaili, ingawa karakana nzima ilishayajua. Kisha akapata wazo, akamwomba amsomee yeye kwa sauti zile zilizobaki, wamalize pamoja kabla ya saa saba. Kusikia hivyo, mafundi walianza kusogeza viti. Mpiga pasi alizima pasi kabisa. Mama Vifungo alikifunga kipande, akakiweka chini yake na kukikalia.

"Maisha yangu yote nimesomewa barua," alisema. "Za mume, za watoto, za hospitali. Kila aliyenisomea alinipa alichotaka mimi nijue. Humu nimeingia mwenyewe, mwanangu. Niache nitoke mwenyewe."

Mtu mwingine siku nyingine angeyasikia maneno yale. Digrii wa mchana ule alisikia saa tu. Damu ilimpanda, na sauti iliyomtoka hakuitambua kuwa ni yake.

"Basi nikose kazi kwa ajili ya kurasa kumi na tisa."

Waliokuwa wakikoroga chai waliweka vijiko chini. Mama Vifungo alimtazama. Hakununa wala hakujibu kwa ukali. Alijiinua nusu, akakitoa kipande, akakinyoosha kwa kiganja kama anavyonyoosha kola, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Chukua, baba. Kazi ni kazi."

Mkasi alivipanga vipande sita, fundi wa mikanda akavipitisha kwenye cherehani yake nzito, ile inayoshona ngozi, na mshono wa uzi wa bluu ukashuka mgongoni mwa kitabu ukiwa umenyooka. Walikubali wote kwamba sasa kilikuwa imara kuliko kilivyotoka kiwandani. Wakamtakia heri. Digrii alikipachika kwapani pamoja na bahasha ya vyeti, akatoka mbiombio.

Kutoka karakana hadi maktaba ni mwendo wa nusu saa kwa mguu. Alipita kwa waziba pancha akijifanyisha usaili kwa sauti ya chini. Wataniuliza kwa nini naitaka kazi hii. Nitasema: nataka kitabu kimfikie kila anayekitaka. Jibu zuri, fupi, la kweli. Alipita kwenye maduka ya simu akilirudia. Alipolirudia mara ya tatu, mbele ya kinyozi, lilimkwama. Alikitoa kitabu kwapani ili akishike vizuri, akaona uzi wa kijani umechomoza kati ya kurasa za mwisho. Ulikuwa uzi wa kushonea vifungo, uliofungwa fundo dogo upande mmoja usiteleze. Ulionyesha mahali mtu alipoachia.

Alitembea hatua kumi nyingine. Akasimama. Mtu aliyekuwa nyuma yake alimgonga, akamuuliza kama barabara ni ya kwao. Digrii aliomba radhi, akatembea tena, akasimama tena. Mama yake angepiga simu jioni kuuliza habari za usaili, na tayari alishawaambia majirani. Miaka mitatu ya masomo. Mwaka na nusu wa kuzunguka. Saa ya kinyozi ilisema saa saba na dakika thelathini na tano.

Akageuka, na safari hii hakutembea, alikimbia.

Aliingia karakana akihema, shati limemganda mgongoni. Msimamizi alidhani amesahau vyeti. Digrii alipita hadi dirishani, akaweka kitabu juu ya rundo la mashati, akaomba kifaa cha kufumulia. Mama Vifungo alimnyang'anya kile kifaa, kwa sababu kijana alikuwa na haraka na angechana karatasi, akaukata mshono wa bluu mahali panapohusika, tundu kwa tundu, akakitoa kipande cha sita.

"Na usaili?" aliuliza.

"Nimekosea kukuharakisha, mama. Wewe soma."

Alifika maktaba akiwa amechelewa dakika ishirini na mbili. Wenzake wawili walikuwa wameshaitwa na kutoka. Mkutubi mkuu alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo na meza isiyo na vumbi. Alimruhusu akae. Kabla hajaulizwa lolote, Digrii aliweka kitabu mezani, maana alijua akisubiri ujasiri utamtoka. Yule mama alivaa miwani. Alipitisha kidole kwenye ule mshono, akafungua mwisho, akakuta hakuna mwisho.

Digrii alimweleza yote. Hakumtaja Mkasi, alisema tu kwamba kilikatwa kikiwa mikononi mwake. Alieleza kuhusu chai, foleni, vikombe vya mpiga pasi, na kwamba kipande kilichokosekana hakijapotea, kinasomwa. Mkutubi alisikiliza bila kumkatisha. Aliuliza jambo moja tu, wamekisoma watu wangapi, na aliposikia ni kumi na wanane alitazama rafu.

"Mwaka jana mzima kilitoka humu mara mbili," alisema. Kisha akavua miwani. "Nakuamini, kijana wangu. Lakini kazi hii siwezi kukupa. Nikimwajiri aliyeacha kitabu kikatwe, kesho nitamwambia nini anayechana ukurasa mmoja?"

Digrii alikubali kwa kichwa, maana alikuwa mkweli hata pale ambapo ukweli haukumfaa. Alionekana kama mtu aliyetoboka na kuvuja pumzi yote. Mkutubi aliandika kitu kwenye daftari, akamwonyesha: mbele ya jina la kitabu hakuandika kimepotea, aliandika kinasomwa. Alimtaka akirudishe kipande cha mwisho ndani ya mwezi mmoja, akamwambia kadi yake itabaki hai. Digrii alishukuru kwa heshima, akatoka, akashuka ngazi.

Hakutaka kurudi karakana, na hakutaka kwenda nyumbani ambako simu ya mama yake ingemkuta. Alizunguka mitaa miwili mitatu bila sababu, akasoma mabango ya maduka, akajiambia amefanya sawa, na mara akajiambia ni mjinga wa kupigiwa mfano. Kila wazo lilimsukuma kwa mwenzake. Miguu ikamrudisha yenyewe.

Saa kumi ilikuwa imepita na mafundi walikuwa wameondoka. Kwenye benchi la nje, karibu na lango, Mama Vifungo alikuwa amekaa na mkoba wake mapajani, akitikisa mguu. Alipomwona alisimama haraka kuliko Digrii alivyowahi kumwona akisimama.

"Ulikuwa wapi wewe? Mkasi amenizunguka mchana kutwa kama nzi, nimwambie, nimwambie. Nikasema akae kimya, aliye wa pili kwenye foleni ni mwenye kitabu." Alimshika mkono akamketisha. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nimemaliza. Zote kumi na tisa, leo. Msimamizi amenifokea, mashati arobaini hayana vifungo. Sikuweza kuacha, mwanangu. Yule dada mdogo, yule." Akajiziba mdomo kwa kiganja. "Nina jambo hapa kifuani, na sina wa kumwambia dunia nzima. Soma."

Akampa kipande cha sita. Digrii alikishika bila kukifungua.

"Mama, kazi nimekosa."

Mama Vifungo aliacha kutikisa mguu. Alimtazama usoni, akaelewa. Alimfuta vumbi begani, ingawa hapakuwa na vumbi. Kisha akamsogelea hadi mabega yakagusana, akamfungulia ukurasa wa kwanza kwa kidole chake chenye alama za sindano.

"Basi soma kwanza," alisema. "Tutalia yote kwa pamoja."

Digrii akaanza kusoma. Yule mama hakuangalia karatasi, aliangalia uso wake, na kila kijana alipogeuza ukurasa, yeye alivuta pumzi na kuishikilia.