Mshipa Uliokaliwa

Mpiga pasi alikuwa kwenye kola ya shati la mteja ngozi yake ilipogeuka kioo, kuanzia kitovuni hadi wayo wa kushoto. Alimaliza kola kwanza, maana kola ikipoa nusunusu ni kazi bure. Kisha akainua gauni, akachungulia.

Mguu huo ulikuwa umemtesa miaka. Unavimba, unawiva, homa inapanda, anapewa vidonge, unatulia, halafu maradhi yanarudi kama mgeni asiyejua kuaga. Hospitalini walisema ni uchafu. Sasa alijionea: chini ya kitovu, mshipa mnene unaopeleka damu mguu wa kulia ulikuwa umeukalia ule unaorudisha damu ya kushoto, ukaukandamiza kwenye uti wa mgongo hadi ukawa bapa. Damu ilipanda, ikakwama, ikabaki mguuni ikituama.

“Kumbe ni hapo,” alisema mdogo wake, aliyekuwa akikunja mashuka. “Twende, dada. Leo watasema nini?”

Katika chumba cha miguu huko hospitalini, mgonjwa hufunikwa shuka kutoka gotini kwenda juu, na hakuna daktari aliyewahi kulifunua.

“Miguu unaosha, mama?”

“Nimeisugua mpaka imeniomba msamaha. Funua, daktari. Ugonjwa uko juu.”

“Huko juu si kwangu.”

Mdogo mtu akalivuta shuka mwenyewe. Daktari aliinama, akaufuata mshipa kwa kidole mpaka pale ulipobanwa.

“Umekaliwa kweli,” alisema, akarudisha shuka. “Lakini wekundu uko mguuni.” Akaandika vidonge vilevile na sabuni.

Mpiga pasi alikasirika. Miaka yote hiyo alijiona mchafu, akaona haya hata kuvua viatu kwa watu.

“Umeona kwa macho yako, na bado unanipa sabuni?”

“Sikio la kufa halisikii dawa,” alijibu daktari, akamwita anayefuata.

Kazini waliizoea upesi ngozi yake ya kioo. Mguu ulipovimba tena, wenzake walimwonyesha damu ilipokwamia, wakampokea mashati.

Dada hao waliporudi hospitalini, safari hii daktari alisema mguu sugu namna hii dawa yake ni kuukata. Akachukua kalamu, akapiga mstari chini ya goti. Mdogo mtu alimtukana matusi ya nguoni. Daktari alingoja amalize, kisha akaunyoosha mstari palipopinda.