Njia ya Kukimbilia Parokia

"Usinyooshe mikono, yaya," Geneviève alimwambia dada yake. "Unatembea kama mutu anafukuza kuku. Sikiliza miguu."

Tina alikuwa amejifunga kitenge machoni, na tayari alikuwa amejigonga mara tatu kwenye pipa la maji la jirani yao Hortense. Hortense aliacha kufagia ua ili atazame vizuri: dada mkubwa mwenye macho mazima anajifanya kipofu, na mdogo wake aliye kipofu anamfundisha kutembea.

"Vita hii itatuonesha mengi," Hortense akasema.

Tina alikaza fundo la kitenge. Wiki mbili kabla, risasi zilipoanza kulia Bunia, yeye alikuwa kituo cha afya akifua mashuka, na barabara zikafungwa. Watu wote wa avenue yao, mtaa mzima, walikimbilia nyuma ya ukuta wa parokia. Geneviève alilala chini ya kitanda siku mbili, bila maji. Tina alipomkuta hai alilia, kisha akamkemea: si nilikueleza njia? Geneviève akamrudishia maneno yake yote, moja moja. Ukate kona kwenye mti mkubwa wa avoka. Upite nyumba ya bati jekundu. Utaona ukuta mweupe.

"Yaya, ulinipa njia ya macho yako," alisema.

Kule Bule, kabla nyumba yao haijachomwa, Geneviève alikuwa anakwenda sokoni peke yake. Surua ilimpofusha akiwa na miaka minne, na miguu yake ilijua kila shimo la kule. Hapa Bunia walikuwa na miezi mitano tu.

Ndiyo sababu asubuhi hiyo Tina alifunga macho. Alitaka njia ambayo mdogo wake angeipita hata kama yeye hayupo. Walianza na ua wa matete wa Hortense, mkono wa kushoto ukiyagusa. Tina akapendekeza waufuate mlio wa mashine ya kusagia unga.

"Siku ya masasi, bunduki ikilia, mashine haitalia," Geneviève alisema.

Basi wakafuata ardhi: kwanza mteremko, halafu harufu ya mtaro, halafu changarawe. Pikipiki ilipopita Tina hakujua inatoka upande gani, akaganda katikati ya njia. Mtu asiyemjua alimshika mkono, akamvuta pembeni bila kusema neno, akaenda zake. Tina alibaki amesimama, asijue tena ameelekea wapi.

"Njo vile iko kwangu," Geneviève alisema. "Kila siku."

Walirudia mara nne. Hatua mia tatu na kumi na mbili, kutoka mlangoni hadi ukutani. Wakarudi nyumbani kunywa uji, wakapumzika mpaka jua likawa kali. Mara ya tano Tina alijifunga tena kitenge, akatangulia peke yake, Geneviève akimfuata kwa mbali. Kabla ya kufika mtaroni alisikia majembe na vicheko vya wanaume, sauti ambazo asubuhi hazikuwepo.

"Simama! Weye njo nani?"

Sauti ya kijana. Tina alitaja jina, akainua mkono atoe kitenge. Fimbo ikampiga vidole.

"Acha. Unapenda kuwa kipofu? Bakia kipofu. Pita."

"Nipite wapi?"

"Mbele!"

Alisogeza mguu, akahisi udongo unamomonyoka. Akageuka. Mmoja akapiga kelele, "Kushoto, mama!" Mwingine, "Kuume!" Wote wakacheka. Hakujua tena nyumbani ni wapi. Alisikia majirani wakinong'ona karibu, na miongoni mwao sauti ya Hortense.

"Mama Hortense, unishike mukono!"

Minong'ono ikakoma. Hakuna aliyekuja. Tina alipiga hatua moja, ardhi ikakosekana, akaanguka shimoni, udongo ukamjaa mdomoni.

"Yaya, usitembee." Ilikuwa sauti ya Geneviève. "Sema kitu, nikufuate."

Tina alitema udongo. Akaanza kutaja jina lake mwenyewe, tena na tena, mpaka mkono ukamgusa kichwani, ukashuka, ukamkamata bega. Geneviève alikuwa amekuja kwa magoti, akipapasa ukingo wa shimo.

"Ule njo kipofu wa kweli," mmoja wa vijana alisema, na vicheko vikapungua.

Tina alipotoka shimoni na kuvua kitenge aliona handaki limeikata njia yao kutoka ua wa matete hadi mtaroni. Ng'ambo yake kulikuwa na lundo la udongo na bunduki kubwa juu yake. Ubao mwembamba kama kiganja ulikuwa umelazwa juu ya shimo ili wapiganaji wavuke.

Alimwacha Geneviève nyumbani, akaenda kwa Félicien, chef wa avenue, mkubwa wa mtaa. Alimkuta barazani.

"Chef, ile njia njo moja tu."

"Ingine iko. Ya barabara."

"Barabara iko na barrière mbili, wanasimamisha watu. Masasi ikilia, kipofu atapita namna gani?"

"Andika demande, barua ya kuomba."

"Nipelekee nani?"

"Commandant wa wale vijana."

"Commandant njo anachimbisha."

Félicien alitazama viatu vyake. "Tina, miye nitafanya nini? Hata mbuzi yangu wamekamata leo asubuhi. Siku ikifika, kila mutu atakimbia na miguu yake."

Aliporudi, Geneviève alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga ya lengalenga, uso ameuelekeza mtaroni, ambako majembe yalikuwa yakigonga mawe.

"Chef amesema nini?"

Tina alivifuta vidole vyake vilivyovimba kwenye sketi.

"Amesema watafukia shimo."

"Lini?"

"Kesho."

Geneviève alikusanya majani ya mboga pajani. "Ni vizuri," alisema, akasogea ili dada yake apate pa kukaa.

Wakachambua mboga pamoja. Majembe yaliendelea mpaka giza lilipoingia, na hakuna hata mmoja wao aliyesema kwamba anayasikia.