Jasho la Jumapili

Wifi yangu ni mwoka mikate. Alipoanza kulowa jasho, hakuna aliyeshtuka. Kaka yangu, mumewe, alisema ni joto la tanuri. Jirani yetu fundi cherehani akasema ni umri: "Mambo ya kina mama hayo, shoga. Zoea tu."

"Na Jumapili je?" wifi akamuuliza. "Tanuri limezimwa, nimekaa kivulini, na blauzi inakamuliwa. Hilo nalo joto la tanuri?"

Homa yenyewe ilikuwa ndogo, ile ya kukufanya ujione mvivu. Lakini mtu aliyekuwa akinyanyua gunia la unga kama mto sasa alipumzika katikati ya kukanda, na sketi zake alizibana kwa pini.

Zahanati walimpima malaria, hakuna. Wakampa vidonge vya kutuliza homa. Akarudi, wakampima kifua kikuu, nacho hakuna.

"Si wamekwambia huna kitu?" kaka akamwambia.

"Wamesema hawajakiona. Mimi nataka kionekane."

Akavua aproni, akanishika mkono, tukaenda hospitali kubwa, unga ungali kwenye viwiko vyake.

Daktari alikuwa dada mmoja mwenye sauti ya kukwaruza. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, homa ndogo na jasho jingi huletwa na mengi. Tezi ya shingo, ugonjwa wa damu, hata dawa mtu anazomeza. Kwa hiyo nitakuuliza maswali mpaka unichoke."

"Uliza, mwanangu. Sina haraka."

Akauliza kuhusu maziwa anayokunywa, mifugo, safari. Akauliza kuhusu meno. Wifi akacheka. Ndiyo, gego moja lilivunjika, likaota jipu, likapasuka, akalisahau. Na utotoni? Aliwahi kuvimba magoti hata akakosa shule.

Daktari akaacha kuandika. Akamsikiliza moyo, akahamisha kile chombo huku na huku, akarudia. 

"Kuna mvumo kwenye mapigo ya moyo," akasema. "Sijui bado ni wa nini. Tuoteshe damu yako tuone kama ina vijidudu."

Vilikuwemo. Vilitoka kwenye lile jino, vikaingia katika damu na kujishikiza kwenye vali ya moyo, kile kilango cha kupitishia damu, ambayo ule ugonjwa wa utotoni uliomvimbisha magoti ulikwisha kuiachia kovu.

Akalazwa, dawa zikapitishwa mshipani kwa majuma kadhaa. Jasho lilikauka mapema, na kaka, aliyekuwa ameshachoka kuoka mikate migumu kama tofali, akaja na mkoba wa kubebea nguo.

"Umepona, mke wangu. Twende nyumbani."

"Dawa ikiisha nitaondoka kwa miguu yangu. Ukinitaka kabla ya hapo, nibebe na kitanda."

Kaka akaukunja mkoba wake.

Ile vali haikurudi kuwa mpya. Inavuja kidogo, na anahudhuria kliniki bila kukosa. Magunia habebi tena. Lakini anakanda, na anagombana na wateja kama zamani.

Juma lililopita alimkuta kaka ameshika shavu, anasukutua kwa maji ya chumvi.

"Linauma?"

"Litatulia lenyewe."

 Wifi alifunga duka mchana kweupe, akamvalisha koti, nami nikawaona wakivuka barabara kuelekea kwa daktari wa meno, mwanamume mzima anavutwa mkono.