Lenzi ya Kumwona Kaka

Muuzaji aliziweka lenzi mbili juu ya kitambaa cha kijani, akapuliza vumbi ambalo halikuwapo, kisha akauliza kinachopigwa picha ni nini. Mbele yake palikuwa na tangi la kioo lenye kamba wadogo wa kujaribia, nao walishachoka kutazamwa.

"Konokono wa baharini?"

"Hao nawapiga Jumapili," alisema mpigapicha, ambaye siku nyingine zote hupiga harusi. "Safari hii ni kaka yangu."

"Ukubwa?"

"Punje ya mchele."

"Anatulia?"

Mama yake, aliyekaa kwenye kiti cha wateja na mkoba mapajani, alijibu kabla ya bintiye. "Hatulii, baba. Wageni wakija alikuwa anaingia uvunguni."

Muuzaji akaitikia kwa kichwa. Wateja wa aina hiyo alikuwa nao.

"Basi sikilizeni. Hii fupi inataka umsogelee mpaka karibu umguse pua. Maji yakiwa na tope, hii ndiyo yenyewe. Ila utamtia kivuli, na mwoga atakimbia. Hii ndefu, unakaa mbali kwa adabu. Lakini kila chembe ya tope iliyo katikati itatokea kwenye picha, na ukitikisika kidogo tu, umemkosa."

Mpigapicha alifunga ile ndefu kwenye kamera, akainama mbele ya tangi. Kamba asiyezidi ukucha akajaa kwenye kioo cha kamera: macho, ndevu, na mayai chini ya tumbo yakipumua. Akacheka peke yake kwa furaha. Alikuwa hajalala vizuri wiki nzima kwa hamu.

Kaka mtu alikuwa mpiga mbizi wa kampuni moja bandarini, kazi yake kukwangua mwani na makombe yaliyoganda chini ya matishari, vile vyombo bapa vya kupakulia shehena. Kule chini hakuna anayepanda kwa hiari yake. Nyapara, akiridhika, hugonga ubavu wa tishari kwa nyundo mara tatu, ndipo mtu anapanda. Siku moja nyapara alikwenda kunywa chai, akakuta mazungumzo matamu, akarudi nyumbani kwake moja kwa moja. Kaka, aliyelelewa kutii wakubwa, akaendelea kukwangua. Hewa ilipopungua, naye akapungua hadi punje ya mchele, ili imtoshe.

Kampuni ilisema ametoroka. Mama aliambiwa hivyo getini mbele za watu, kwamba mwanawe ni mtoro, na tangu siku hiyo akawa anapita barabara ya nyuma kwenda sokoni. Hilo lilimuuma kuliko yote. Kisha binti alipiga picha ya konokono wa buluu chini ya tishari lile lile la siku ile, na nyuma ya konokono pakaonekana kidoa chenye kikwanguo. Mama aliyatambua mabega. Meneja alisema kidoa hakina uso, na bila uso hawezi kubadili neno lake.

"Chukua ndefu," mama alisema pale dukani. "Mwanangu hapendi kusogelewa."

Kuhusu tope, binti alingoja maji yajae, maana maji yanayoingia kutoka nje ni masafi. Akazama. Akakaa kimya mbali, akabana pumzi, akalenga. Mwani ukawa msitu, makombe yakawa majabali, na katikati ya majabali, kwa usafi ambao harusi haijapata kuuona, kaka yake alikuwa akikwangua, shati limechomoka kwenye suruali. Amekonda, lakini ni yeye. Binti alimwashiria kama anavyowaashiria mabwana harusi: kidevu juu. Kaka akainua kidevu, mkono ukiendelea na kazi. Picha ikapatikana. Binti alipopanda juu alikuwa akilia na kucheka ndani ya barakoa ya kuzamia, na maji nusura yampalie.

Meneja aliitazama picha kwa muda mrefu, akamsifu mpigapicha kwa mwanga.

"Ni yeye," alisema. "Hakutoroka. Naliondoa neno langu, mama. Kijana yuko kazini."

Mama alisimama, uso umemchangamka. "Basi mgongeeni apande, tumpeleke nyumbani."

Wote wakamtazama nyapara, aliyekuwa pale na nyundo yake kiunoni. Nyapara si mtu mbaya. Alifikiri kwa uaminifu.

"Mama yangu," alisema, "nikigonga leo, nitakuwa nimesema siku ile sikugonga."

Meneja aliona hoja hiyo ina uzito.

Jioni binti alirudi kwenye tishari na jiwe, akagonga mara tatu, kisha akazama kutazama. Kaka alitega sikio, akaijua sauti ya jiwe, akaendelea na kazi yake. Binti akagonga tena kwa nyundo aliyoazima kwa fundi seremala. Wapi, nyundo si ya nyapara. Hata kukwangua hakuacha.

Kampuni iliomba nakala ya picha. Mama hakukataa, kwa kuwa mwanawe ametoka vizuri, na sasa mama anapita barabara kuu kama watu wengine. Meneja aliitundika karibu na mlango wa wapiga mbizi, ili wageni kazini waone maana ya kujituma. Wanapita mbele yake asubuhi, wamebeba vikwanguo vyao.

"Shikamoo, kaka," wanamwambia, kisha wanashuka majini mmoja mmoja, wakisubiri kugongewa.