Barua ya Udhamini Kutoka Ipililo

Minza hakuwa na mjomba Japani, hakuwa na shemeji wala mtu wa kwao, hakuwa na mwajiri aliye tayari kumsainia, na sasa hakuwa na siku za kusubiri. Bweni la kazini lilikuwa linabomolewa, Ijumaa atoke. Dalali wa nyumba alimwambia waziwazi kwamba bila mdhamini anayeishi nchini humo, chumba hapati.

Baba yake, Luhende, aliyasikia hayo kwenye simu akiwa Ipililo, akaona ni jambo dogo. Zamani jirani yake Mwandu alihamia hapo kutoka Mwanhuzi na ng'ombe wake, hajulikani hata na mbwa. Luhende ndiye aliyesimama mbele ya wazee akasema mtu huyu akikosa, wamshike yeye. Mwandu akapewa kiwanja siku hiyohiyo. Basi mzee akavaa koti, akaenda kwa mtendaji wa kijiji, Apolonia.

Apolonia alimsikiliza hadi mwisho. "Mzee wangu, barua yangu inafika Maswa. Ikijitahidi sana, Bariadi. Huko Japani nani ananijua?"

"Wewe hawakujui, mayu, mama yangu. Muhuri wa serikali wataujua."

Apolonia akacheka, akaandika, akagonga muhuri mara mbili ili mzee aridhike. Mwandu akaweka dole gumba kama shahidi, akitania kwamba leo ndiyo analipia kiwanja.

Barua ikapigwa picha, ikatumwa. Kabla ya saa sita Minza akapiga simu. Dalali ameiangalia, akauliza mzee anaishi mtaa gani wa mji ule; alipojibiwa kwamba yuko Ipililo, akamrudishia Minza simu yake.

"Sasa Ijumaa unalala wapi?"

"Sijui, baba. Hapa hakuna mtu wa kusema ananijua."

Simu ilipokatika, Luhende aliikunja barua yenyewe, akaitia mfukoni mwa koti.

Jumatano alipanda basi. Aliipita posta ya Maswa, akiona ya mkoani ina nguvu zaidi. Njiani alijisemea kwamba picha ni kivuli tu, karatasi yenyewe ndiyo yenye uzito. Alipofika dirishani Bariadi hakuyaamini tena maneno hayo. Karani alimwambia barua itachukua wiki tatu, pengine nne, akamuuliza kama aendelee.

Anwani aliyokuwa nayo ilikuwa ya bweni. Akainakili juu ya bahasha, herufi moja moja, bila kukosea. Kisha akalamba gundi, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika, akaisukuma kwa karani.