Mtoto Mwenye Kwao

Fimbo ilimpata Nasambu mgongoni kabla hajakaa kwenye dawati. Ya pili ikampasua sikio, damu ikachirizika hadi kwenye kola. Mwalimu mkuu Masika hakuwa na hasira hata kidogo. Alichapa kama mtu anayepura maharagwe, huku akimweleza Chepkemei, mama wa mtoto, aliyesimama mlangoni. Kanisa lilikuwa limeahidi sare na gharama ya mtihani wa darasa la nane kwa watoto waliofukuzwa na vita vya mlimani. Lakini watoto wenye kwao. Hawa wa kulala kwenye veranda za soko la Kanduyi hawakuwa na kwao.

"Si mimi nimesema, mama," alisema Masika. "Naibu chifu aje aniambie ameona mafiga yako kwa macho yake. Hapo nitamchukua. Wageni wa kanisa wanakuja Ijumaa."

Mafiga! Mafiga yake yalibaki Mlima Elgon chini ya nyumba iliyoteketea, na hapo hapo mumewe, Mbukusu wa Bungoma, alikatwa mapanga mbele ya mtoto. Watu wa mlimani walimwambia Chepkemei awafuate watu wa mumewe. Watu wa mumewe huku Bungoma wakamwambia arudi kwao mlimani. Sasa ajenge wapi, kichwani?

Akajenga kando ya barabara, nyuma ya kinu cha kusagia unga wa posho. Fito aliokota, nailoni na maboksi akaomba dukani kwa Mohanlal. Akapanga mafiga matatu, akakoka moto kutwa kucha ili majivu yajae, maana nyumba isiyo na majivu hakuna mtu wa huku atakayeiita nyumba.

Alhamisi asubuhi naibu chifu Sikuku alikuja. Akachokoa majivu kwa kifimbo chake, akaridhika, kisha akakaa. Akasema mgeni wa kwanza hatoki kwenye nyumba mpya na njaa. Chepkemei akabadilisha blanketi lao kwa kuku. Sikuku akala, akalamba vidole, akasema hii kweli ni nyumba na atakwenda kusema hivyo kila panapohusika.

Na kweli alisema. Alianza shuleni, akamalizia kwa kanjo, ofisi ya baraza la mji.

Jua lilipofika utosini askari wa kanjo walikuwa mlangoni na marungu.

"Ati kuna nyumba imejengwa kwa barabara," mkubwa wao alisema. "Ni yako?"

Angeweza kukana. Angesema ni banda la mtu, yeye anapita tu, na labda wangemwacha aende zake. Lakini akikana leo, kesho Nasambu atasimama mbele ya wageni akiwa mtoto wa veranda.

"Ni yangu," alisema Chepkemei. "Mimi ni mtu wa hapa."

Rungu la kwanza lilimvunja meno. Alipoanguka walimkanyaga, wakang'oa fito, wakapiga mafiga teke moja moja hadi mtaroni. Nasambu aliking'ang'ania kiguzo cha mlango, akakataa kukiachia. Askari hakumbembeleza. Alimpiga kwenye kiwiko cha mkono wa kulia, tena na tena, mpaka mfupa ukalia na vidole vikafunguka vyenyewe.

Ijumaa mkono ulikuwa umevimba, mweusi. Chepkemei alijua hospitali iko wapi. Alijua pia kwamba asiyekuwepo leo nafasi yake anapewa mwingine. Akampeleka mtoto shuleni.

Masika aliwapokea vizuri, Mungu amlaani. Alisema naibu chifu amethibitisha, mtoto ana kwao, hakuna neno tena. Akatoa sweta jipya la kijani. Nje wageni walikuwa wanashuka garini na kamera.

"Mvalishe haraka," alisema.

Mkono haukuingia. Nasambu akapiga yowe lililosikika hadi uwanjani, na wageni wakageuka kutazama. Masika akafunga dirisha.

Chepkemei alimziba mwanawe mdomo kwa kiganja. Kwa mkono mwingine akashika ule uliovunjika, akausukuma ndani ya sweta.